Nadhiri ya Hogla na Mbuzi Aliyeitwa Malkia

Kijijini kwao, kwenye vilima vya Manase, watu walipotaka kumsifu mwanamke anayejua kufunga mdomo hawakumtaja Hogla. Yeye mwenyewe alilijua hilo na wala hakununa. Alikuwa akisema kwamba Mungu alipomuumba alimaliza mdomo mapema, akauacha uanze kazi peke yake wakati kichwa bado ni udongo mbichi.

Ugonjwa wake ulikuwa nadhiri. Wasichana wenzake walipenda shanga, yeye alipenda kumwahidi Mungu vitu. Mvua ikichelewa, aliahidi kutokula tini mpaka sikukuu ya mavuno. Kondoo akipotea, aliahidi kutosuka nywele mpaka aonekane. Tini zilipoiva ndipo alipokumbuka alichosema, akakaa ukutani akiwatazama wenzake wanavyolamba vidole. Tena alikuwa akijionea huruma sana, kana kwamba kuna mtu mwingine aliyemfunga.

Ahadi uliyompa jirani unaweza kuizungushazungusha mpaka naye achoke. Ya Bwana haizungushwi. Ila sheria ya watu wale ilikuwa imeacha upenyo mdogo. Nadhiri ya binti aliye nyumbani, baba yake akiisikia, anaweza kuitangua siku ileile. Na ya mke, mume wake vilevile. Lakini aliyesikia akinyamaza mpaka siku iishe, basi imesimama, na hakuna tena wa kuiangusha. Na siku, kwa watu wale, huisha jua linapozama.

Baba yake Hogla alishazoea. Kila jioni, vumbi la shamba likiwa bado miguuni, alisimama mlangoni akauliza, "Hogla, leo umemwahidi Mungu nini?" Akatajiwa, akatangua, akanawa mikono, wakala.

Kisha Hogla akaolewa na Asrieli.

Asrieli alikuwa mwanamume mwema, mwenye mikono mipana na macho ya upole. Nira aliyoichonga yeye ilikaa kwenye shingo ya ng'ombe kama imeota hapo. Shida ilikuwa maneno yake. Yalitoka mbali, na yalikuja kwa miguu. Ukimuuliza asubuhi kama mchuzi uongezwe chumvi, jibu lilifika vyungu vimeshaoshwa. Siku ya harusi baba mkwe alimvuta pembeni, akamweleza habari za mdomo wa binti yake, akamsihi awe anauliza kila jioni kama yeye alivyofanya. Asrieli alimsikiliza kwa heshima yote, asijibu kitu. Hogla alikuwa na tumbo kubwa tayari, wanachuma zeituni wawili tu, ndipo mume wake aliposema, "Baba yako alisema jambo la maana."

Hogla alimngoja aendelee. Hakuendelea.

Mtoto wao, Ahiani, alizaliwa wakati wa mvua. Visigino vyake vilikuwa vidogo na vyekundu, na Hogla alikuwa na tabia ya kuvitia mdomoni akijifanya anavila. Huo ndio ulikuwa muda pekee wa mchana ambao mdomo wake haukuleta matatizo. Kila usiku alimnusa utosini kabla ya kulala, akajizuia asimwahidi Mungu chochote juu yake, maana aliogopa. Kwa tini na nywele alikuwa jasiri. Kwa mtoto huyu alikuwa mwoga kuliko panya.

Basi shayiri ikaanza kubadilika rangi, na Wamidiani wakaja.

Walikuja kila mwaka wakati huohuo, na ngamia zao na mahema yao na watoto wao mgongoni, kama wageni walioalikwa. Mtu alilima, akapanda, akapalilia, akalinda ndege, halafu wao wakavuna. Kwa hiyo kijiji kilikuwa na utaratibu wake: wanaume wanaswaga mifugo kwenda kuificha kwenye makorongo, wanawake na watoto wanapanda mapangoni. Mwaka ule Hogla alikuwa ndiyo kwanza anakanda unga. Alikimbia na mtoto mgongoni na donge la unga mkononi, na alipofika pangoni akaona kwamba donge amelikumbatia vizuri kuliko shuka la mtoto, ambalo lilibaki nyumbani.

Mama mkwe wake, Maaka, alimsogezea nafasi ukutani. Pango lilikuwa jembamba na lenye giza, wanawake wamebanana magoti kwa magoti. Chini yao walisikia ngamia wakitafuna na kukoroma, na sauti ya mwanamume mmoja akicheka, karibu kabisa, kama yuko mlangoni.

Ahiani akaamka. Alikuwa na njaa. Hogla alimpa titi, na titi halikuwa na kitu. Hofu na siku kadhaa za kula mizizi mle pangoni zilikuwa zimekausha maziwa yote. Mtoto alivuta, akaacha, akavuta tena, kisha Hogla akausikia mdomo wake mdogo ukianza kutetemeka juu ya ngozi yake, vile unavyotetemeka kabla ya kile kilio kinachosikika mpaka kwa jirani wa tatu. Wanawake wote waligeuza nyuso. Hawakumchukia mtoto wake. Walikuwa na wa kwao tu.

"Bwana," akanong'ona Hogla, "mnyamazishe mtoto huyu mpaka hawa watu waondoke, na Malkia ni wako."

Malkia alikuwa mbuzi. Israeli nzima wakati ule haikuwa na mfalme, lakini zizi la Asrieli lilikuwa na malkia, mweusi mwenye sikio moja jeupe, anayetembea kama kila jiwe limewekwa hapo kwa ajili yake. Alikuwa na maziwa kuliko mbuzi yeyote wa kijiji. Hogla angeweza kuahidi hereni zake. Angeweza kuahidi hata kunyamaza, jambo ambalo Mungu mwenyewe angelipokea kwa mshangao. Lakini mdomo ulikwenda moja kwa moja kwenye kitu kizuri kuliko vyote walivyokuwa navyo, kwa sababu mdomo haukamui.

Ahiani alinyamaza. Alinyamaza kimya kabisa, akawa anasikika akimung'unya tu. Ngamia wakakoroma, mwanamume akacheka tena, kwa mbali kidogo, kisha kwa mbali zaidi. Hogla alitokwa na machozi ya shukrani. Kulipopata mwanga ndipo alipoona kilichokuwa mdomoni mwa mtoto. Kilikuwa kidole cha Maaka, kimechovywa asali.

Walirudi kijijini wakakuta shayiri imekwenda, vyungu vimepasuliwa kwa kucheza tu, na mashimo ya nafaka yamefukuliwa yote isipokuwa moja. Wanaume nao wakateremka. Korongo la Asrieli lilikuwa limegunduliwa, kondoo wote wamechukuliwa. Nyuma yake alikuja mnyama mmoja tu, mweusi, sikio moja jeupe, akitembea kama anarudi kutoka kutembelea jamaa.

Maziwa ya Hogla hayakurudi. Alikunywa maji ya moto, akala majani machungu aliyoletewa na kila mwenye ushauri, hayakurudi. Basi asubuhi na jioni alimkamua Malkia, akachovya kitambaa safi kwenye maziwa, na Ahiani akakinyonya kwa macho yaliyofumbwa, mkono mmoja umeshika kidole cha mama yake. Mtoto alikuwa hai kwa mbuzi yule. Na mbuzi yule hakuwa wao tena.

Maaka alimkuta siku moja anakamua huku analia.

"Mwanangu, hata mbuzi anakushangaa," alisema.

Hogla akamwambia yote aliyokuwa nayo moyoni, kwamba amemuuza mwanawe kwa kumwokoa, kwamba mtu mwenye akili angeahidi hereni. Maaka hakumbishia hilo la akili. Alisema tu kwamba kama ni kutafuta aliyemnyamazisha mtoto, ni kidole chake, basi wakitoe sadaka kidole, kina mifupa mingi kuliko nyama. Kisha akaacha mzaha. Ahadi ilitamkwa, Bwana ameisikia, wanawake wote pangoni wameisikia. Asiyesikia ni mmoja tu, Asrieli, na huyo ndiye mwenye ruhusa ya kuitangua.

"Sasa nisikilize vizuri," Maaka alisema. "Huyo nimemzaa mimi. Ukimwambia mchana, atakujibu kesho, na kesho ni kuchelewa. Mwambie leo, jua likishazama tu, siku mpya ikianza. Hapo atakuwa na usiku wote na mchana wote wa kesho. Hata jiwe, kwa muda huo, litakuwa limesema kitu."

Hogla aliona ni mpango mzuri sana. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza kuanzia mchana mpaka magharibi. Alijiambia hakuna mtu asiyeweza hilo. Hata watoto wanaweza. Hata mbuzi wanaweza.

Alasiri akaja Libni. Huyu alikuwa Mlawi, mtu mrefu mwembamba asiye na shamba wala zizi, aliyehudumu kwenye madhabahu ya kilimani na kula fungu lake la sadaka za watu. Mwaka ambao watu hawana cha kuchinja, Mlawi naye hana cha kula. Alisalimia, akaketi kwenye jiwe la langoni, fimbo kati ya magoti. Hakusema neno juu ya nadhiri, lakini ilikuwa wazi kwamba kuna mwanamke wa pangoni aliyemdokeza, kwa sababu alimtazama Malkia kama unavyomtazama mtu ambaye habari zake zimekutangulia.

Hogla akauma ulimi. Aliuuma kweli, mpaka akasikia uchungu. Maaka alikuwa mlangoni akichambua dengu, akimtupia jicho mara kwa mara kama mtu anayechunga sufuria ya maziwa isifurike. Asrieli alikuwa amechuchumaa akirudishia miiba kwenye ua wa zizi uliovunjwa. Jua lilikuwa limeshuka, lakini lilikuwa bado juu ya kilima kwa urefu wa mkono. Kidogo tu. Kidogo tu na yote yangekwenda kama yalivyopangwa.

Ndipo Asrieli akasema. Kwa siku zote ambazo angeweza kuanzisha mazungumzo mwenyewe bila kuulizwa, alichagua ile.

"Nimefikiri," alisema. "Wamidiani watarudi wakati wa ngano. Malkia nimpeleke kwa kaka yangu, kule juu hawafiki. Maziwa ya mtoto nitakuwa nayafuata kila siku mwenyewe."

Kule juu ni mwendo wa kukata pumzi. Hogla alimwona jinsi atakavyopanda na kushuka kila siku na kiriba cha maziwa begani bila kulalamika, kwa ajili ya mbuzi ambaye si wao tena. Kama mume wake angemsema vibaya, angevumilia. Wema ule ndio uliomshinda.

"Huwezi kumpeleka popote," alisema. "Huyo nimeshampa Bwana. Kule pangoni."

Maaka alifumba macho. Dengu zilizokuwa mkononi zilirudi kwenye ungo moja moja.

Hogla alitazama jua, kisha akamtazama mume wake, kisha akatamani ardhi ipasuke, lakini hata kuipasua ardhi ilibidi kumwomba Mungu, na kwa siku ile aliona ameshaomba vya kutosha.

"Umempa?" Asrieli aliuliza.

"Niliweka nadhiri. Mtoto alitaka kulia na wao wako mlangoni."

Asrieli aliitikia kwa kichwa. Akamtazama Ahiani, aliyekuwa amelala kwenye kikapu. Akachukua mwiba mwingine, akaupachika kwenye ua, akaukandamiza.

Libni alikohoa pale kwenye jiwe. Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu asiyependa kazi yake. "Asrieli ndugu yangu, umesikia. Sheria unaijua. Jua likizama ukiwa kimya, kimya chako ndicho kibali."

Hogla alimchukia. Kisha akauona mkono wake ulioshika fimbo, jinsi mfupa wa kiwiko ulivyochomoza, akashindwa kumchukia sawasawa.

Kilichofuata kilikuwa kirefu kuliko kungoja kule pangoni. Hogla alitaka kumwangukia mume wake miguuni. Lakini alijua kwamba ukimsukuma Asrieli, lile neno lililokuwa njiani huketi chini lipumzike. Maaka naye alijua, ila uzee ulikuwa umempunguzia subira.

"Mwanangu," alisema, "kuwa na huruma na mama yako. Sema chochote."

Asrieli akapachika mwiba. Jua likagusa kilima. Kivuli kikaanza kuteremka, kikafunika ukuta, kikafika kwenye kikapu cha mtoto. Asrieli akainuka, akapangusa mikono, akafungua kinywa. Libni akasimama. Maaka akasimama. Hogla akashika kifua.

"Lile jiwe la kusagia uliloniuliza jana," Asrieli alimwambia mkewe, "limepasuka kweli. Nitachonga jingine."

Kama angekuwa na nguvu, Hogla angecheka. Aliona ndivyo atakavyokumbukwa kijijini: mwanamke mwenye maneno mengi kupita kiasi, aliyeolewa na mwanamume mwenye machache kupita kiasi, na mtoto wao akafa njaa katikati.

Lakini Asrieli hakuketi. Alikwenda kwa Malkia, akaweka mkono juu ya mgongo wake, akakaa hivyo kidogo. Alipogeuka, hakumgeukia mke wake wala Mlawi. Aliinua uso, akasema na aliye juu.

"Nadhiri ya mke wangu siikubali," alisema. "Naitangua. Yeye asihesabiwe kosa. Kama kuna kosa, niandamwe mimi."

Hakuna aliyewahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo mfululizo. Hata Malkia aliacha kutafuna.

Kisha wote wakaona lile ambalo hakuna aliyetaka kulitaja. Kivuli kilikuwa kimelifunika zizi lote. Nyuma ya kilima cha magharibi palikuwa na wekundu tu, jua lenyewe halikuonekana. Je, alisema siku ikiwa bado haijaisha, au alisema ikiwa imeshaisha? Kulikuwa na mtu mmoja tu pale mwenye haki ya kuamua, naye alikuwa na njaa.

Libni alisimama akiegemea fimbo. Alimtazama mbuzi. Akamtazama mtoto kikapuni, ambaye alikuwa ameamka na anajaribu kula kidole chake cha mguu. Halafu akageuka akalipa zizi mgongo, akaangalia upande wa mashariki, ambako jiwe kubwa lililo kileleni mwa kilima cha pili lilikuwa bado linang'aa manjano, juu kabisa, upana wa shuka.

"Pale juu bado ni leo," alisema Mlawi.

Akaketi tena, taratibu, kama aliyetua mzigo au kama aliyepoteza chakula, Hogla hakujua ni kipi, na pengine vyote viwili.

Jioni ile walikula nje ya mlango. Hogla alioka mkate wa shayiri ya lile shimo lililobaki, akamwekea Libni bakuli la maziwa ya mgando, akamjazia mpaka juu, na Maaka akamwongezea dengu bila kuulizwa. Ahiani alinyonya kitambaa chake mpaka akalala nacho mdomoni. Mume wake alipokaa karibu, Hogla alimuuliza kwa sauti ndogo kwa nini alikaa kimya vile mpaka roho zao zikataka kutoka. Alitegemea jibu lije wakati wa kuchuma zeituni. Lilikuja palepale.

"Kutangua ni rahisi," Asrieli alisema. "Nilikuwa namtafutia Bwana maneno ya adabu. Alikutunzia mtoto."

Hogla alitazama pembeni. Alimwona Libni akipangusa bakuli na kipande cha mwisho cha mkate, kwa uangalifu, kila upande, asibakishe hata tone. Moyo wake ukajaa. Ulijaa ukapanda, na kama kawaida yake haukupitia kichwani, ukaja moja kwa moja mdomoni.

"Ee Bwana," alisema, "ukimletea Mlawi huyu nyama kabla ya sikukuu, mimi naahidi..."

"Nimeitangua," alisema Asrieli.

Tonge lilikuwa bado shavuni mwake. Libni aliacha kupangusa. Maaka alimtazama mwanawe kama amemzaa upya, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akalazimika kushika ukuta, na Ahiani akashtuka, akalala tena.

Alipopata pumzi, Maaka alimgeukia mkwewe, machozi yakimtiririka. "Na ulitaka kuahidi nini safari hii, mwanangu?"

"Kunyamaza," Hogla alisema. "Kutosema neno mpaka sikukuu."

Maaka alifikiri kidogo. Kisha akampiga mwanawe begani kwa mgongo wa mkono.

"Asrieli," alisema, "hiyo moja ungeiacha."